Televisheni ya babu, Kaunda suti na mkasi wangu

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima kimya, mpaka kuna watu wawili wamenisimamisha pale kwenye vimbweta wakaniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Ni hizi test zilizofuatana kama mabehewa, pamoja na zile kazi za kikundi ambazo mnapangwa watu saba, anaandika mmoja, wengine sita wanaleta majina na namba za usajili. Nikipata nafasi nitaandika siku moja kuhusu hao watu sita. Leo nina jambo lingine, na limenikaa kifuani tangu Jumamosi.

Kama mnavyojua, mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Mwezi wa saba tunatawanyika tena kwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha. Kwangu hii ni mara ya pili. Sasa ukienda TP, hata kama mfukoni huna kitu, mwilini lazima uonekane mwalimu: suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, tai, viatu vyeusi vya kufunga kamba. Dada zetu sketi au gauni linalovuka goti. Mimi bumu lilishakata roho zamani, na suruali yangu moja ya heshima imechoka makalioni kwa kukalia simenti za vimbweta. Nikajiuliza nitatokea wapi. Ndipo nikakumbuka sanduku la babu.

Basi Jumamosi asubuhi nikapanda gari la Bagamoyo. Kwetu ni kijiji cha pwani, kusini kidogo ya mji, na upande wa pili wa maji ndiko Unguja. Nimemkuta bibi uani anachambua mchele. Ana miaka 76 lakini macho yake anaona jiwe kwenye mchele kabla yako.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda hivyo, huko chuoni mnakula vitabu?"

Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akanipa ufunguo, akaniambia nikalivute mwenyewe sanduku uvunguni kwa sababu mgongo wake siku hizi haumtii.

Sanduku lenyewe ni la bati, rangi ya kijani, kubwa. Juu kabisa zilikuwa Kaunda suti tatu, zimekunjwa vizuri, zinanuka nondo za dawa. Kwa wadogo zangu mliozaliwa juzi: Kaunda suti ni koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa kilekile, koti lina mifuko kifuani na chini, na halivaliwi na tai. Jina limetokana na Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, aliyekuwa anapenda kuvaa hivyo. Kwa joto la pwani lile ni vazi la mtu mwenye akili. Unakuwa rasmi bila kuchemka shingo.

Chini ya suti kulikuwa na picha ya studio ya mwaka 1973. Jamani! Babu yangu, mwalimu mkali aliyekuwa ananitandika nikila nimesimama, amevaa bugaluu pana ambayo ukiikata unapata suruali mbili, chini amekanyaga raizoni, nywele zimesimama kama msitu. Nikacheka peke yangu chumbani mpaka bibi akauliza kuna nini.

Na chini ya vyote, imefungwa kwenye shuka, ilikuwa televisheni.

Hapo ndipo safari ya kutafuta suruali ilipogeuka kuwa kitu kingine.

Ile televisheni ni ndogo, kioo inchi 12, nyeusi na nyeupe, ina mkono juu wa kubebea kama ndoo. Ubavuni kuna kitasa cha kuzungusha stesheni, kinalia ka-ka-ka ukikigeuza. Nyuma kuna antena ya kuvuta na tundu la waya wa betri. Jina la kampuni lilishafutika, nadhani kwa kupanguswa. Babu alikuwa anaipangusa kila siku.

Nikikaa kwenye vimbweta na washkaji, kila mtu ana sinema nzima kwenye simu yake, huwa naona kama watu hawajui tulikotoka. Zamani televisheni ilikuwa inafungwa sebuleni kama kabati. Ndani ilikuwa na zile vali za kioo, zinakula umeme na kutoa joto. Transista ndiyo iliyoipa miguu. Sony walitoa TV8-301 mwaka 1960, kioo inchi 8, ikitumia transista na ikikubali betri. Mwaka 1982 wakatoa Watchman, ya kushika mkononi, kioo chake kama inchi 2 hivi. Yaani hiki unachofanya kitandani leo, watu walianza kukifukuzia tangu babu zetu ni vijana.

Kwetu hadithi ilikwenda kwa njia yake. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda 1963. Zanzibar walianza 1973, tena ya rangi moja kwa moja. Tanzania Bara tulikaa bila kituo chochote mpaka 1994, pale stesheni za watu binafsi zilipoanza. Kwa hiyo miaka ile ya 70 na 80, mtu wa Bara mwenye televisheni ilibidi akae mahali ambapo mawimbi ya jirani yanamfikia. Sisi tulikaa pazuri. Mbele yetu bahari tupu, hakuna mlima wa kuzuia. Babu alisimamisha mlingoti wa mkoko, akafunga antena juu, akaielekeza Unguja. Televisheni yenyewe ililetwa na shemeji yake kwa jahazi mwaka 1979. Kituo kilikuwa kinarusha rangi, babu anapokea kijivu. Bibi anasema hakuna aliyelalamika.

Umeme haukuwepo. Ilikuwa ni betri ya gari, N50, inafungwa nyuma ya baiskeli inapelekwa mjini kuchajiwa, inarudi kesho yake. Betri ikianza kuchoka picha inaanza kusinyaa pembeni, mtangazaji anakuwa mwembamba, halafu mfupi, halafu unabaki ukingo mweusi pande zote naye yupo katikati kama picha ya pasipoti. Ukizima, inabaki nukta moja nyeupe katikati ya kioo, inafifia taratibu. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri ile nukta ife ndiyo tuondoke. Kama kuna mtu kati yenu aliwahi kuisubiri, anyooshe mkono.

Mwaka 1983 televisheni ilijificha. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye kitu cha nje nyumbani alikuwa halali vizuri. Babu mshahara wa mwalimu, ana televisheni, atajieleza vipi? Akaivika gunia, akaifukia chini ya makuti ya kuezekea. Bibi anasema ilikaa humo miezi, na jioni babu alikuwa anakwenda kusimama pale karibu na makuti, anarudi bila kusema kitu.

Mimi hayo ya zamani nimesimuliwa tu. Niliyoyaona kwa macho yangu ni ya kuanzia 2009 hivi, nikiwa na miaka sita. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Televisheni ilikuwa ileile, babu yuleyule, ila sasa antena imegeuzwa kuelekea Dar es Salaam. Na sheria zilikuwa zilezile.

Saa moja na nusu usiku babu anaoga. Anavaa Kaunda suti iliyopigwa pasi ya mkaa. Anachana mvi zake. Saa mbili kasoro dakika tano anachukua vile vibanio vya waya, anaunganisha kwenye betri, chanya kwanza, hasi baadaye, kama daktari. Kioo kinapata moto taratibu, sauti inatangulia, sura inafuata. Taarifa ya habari. Mtangazaji akisema "habari za jioni", babu anajibu "njema", kwa sauti ya kawaida kabisa.

Sisi watoto lazima tuwe tumenawa miguu na kuvaa shati. Kifua wazi hakuna. Nilimuuliza siku moja, babu, kwani yule mtu anatuona? Akaniambia hatuoni, lakini amevaa suti kwa ajili yetu. Mtu akivaa kwa ajili yako, nawe unavaa kwa ajili yake. Nikaona jibu la maana sana, na mpaka leo naona hivyo.

Sasa kijijini si kila mtoto alikuwa na shati. Wengine walikuwa na shati moja na limefuliwa, liko kwenye kamba. Kwa hilo kulikuwa na msumari mlangoni, mkono wa kulia ukiingia. Kwenye msumari yanatundikwa mashati mawili matatu ya zamani na khanga moja. Mtoto akija kifua wazi anachukua shati msumarini, anavaa, linamfika magotini, anaketi kwenye mkeka. Akiondoka analirudisha. Hakuna aliyekuwa anatangaza. Ilikuwa ni utaratibu tu, kama kuvua ndala. Nakumbuka kuna wakati sisi tulio na mashati yetu tuliyaacha nyumbani makusudi ili tuvae ya msumarini, maana moja lilikuwa na mfuko wa zipu.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia Dar es Salaam ikazimwa. Mikoa mingine ikafuata 2013. Kila mtu akaambiwa atafute king'amuzi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Jioni ya tarehe mosi Januari babu alioga, akavaa, akaunganisha betri. Kioo kikapata moto. Chenga tupu. Akazungusha kitasa ka-ka-ka mpaka mwisho, akarudi. Chenga. Akakaa hivyohivyo mpaka saa mbili na nusu, akazima. Kesho yake tena. Siku ya tatu tena. Suti imenyooka, anatazama chenga. Siku ya nne hakuoga mapema, na sisi hatukunawa miguu, na tangu hapo msumari ule ukabaki na kofia ya babu tu. Alifariki 2017.

Kwa hiyo Jumamosi nilipoikumbatia ile televisheni na kuitoa uani kwenye mwanga, moyo ulikuwa umenijaa. Nikaanza kumhubiria bibi. Nikasema, bibi, zamani watu walikuwa wanajua kuvaa. Watu walikuwa na heshima. Mwalimu anaonekana mwalimu, mwanafunzi anaonekana mwanafunzi. Siku hizi vijana mlegezo, suruali imebana utadhani imepakwa rangi, kule shuleni tunahangaika nao.

Na ili kunogesha mazungumzo nikamsimulia kisa changu cha TP ya mwaka jana. Nimeshawasimulia washkaji wengi kisa hiki na huwa wanacheka.

Ni hivi. Nilipangiwa shule moja ya sekondari, mkoa siutaji na shule siitaji. Wiki ya tatu nikawa mwalimu wa zamu. Mwalimu wa nidhamu akaniambia kuna wavulana wanaleta umodo, wamebana suruali, na hapa tiba yake inajulikana. Akanipa mkasi. Asubuhi mstarini nikawatoa mbele wavulana watano. Wa kwanza nikachuchumaa, nikashika pindo la suruali, nikapasua mshono wa pembeni mpaka karibu na goti. Mguu wa pili vilevile. Suruali ikawa inapepea kama bendera. Shule nzima ikalipuka kwa kicheko, hata walimu. Nami nikasimama nimeshika mkasi, tai yangu imenyooka, nikasema, "Kesho aje aliyebana tena." Makofi.

Nilipofika hapo nikamtazama bibi nikisubiri acheke.

Hakucheka. Alikuwa ameacha kuchambua mchele. Akauliza, "Alikuwa na nyingine?"

Nikasema nyingine nini?

"Suruali. Yule mtoto. Alikuwa na suruali nyingine?"

Nikasema sijui, bibi.

Akakaa kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kukisikia nyumbani.

Mwaka 1968 bibi alikuwa na miaka 19, yuko Dar es Salaam kwa shangazi yake Ilala, anajifunza kupiga taipu. Alikuwa na gauni moja la maua, kalishonewa na fundi kwa pesa aliyojiwekea mwenyewe. Anasema lilikuwa juu ya goti kwa vidole vinne. Akanionyesha vidole vinne, akaviweka juu ya goti lake, juu ya khanga. Ilikuwa Oktoba. Akashuka basi Kariakoo, kabla hajavuka barabara vijana wakamzunguka. Wakamwambia analeta uhuni wa kizungu. Mmoja akashika pindo, akavuta. Gauni likapasuka upande mmoja mpaka kiunoni.

"Watu walicheka," bibi akasema. "Watu wazima. Kuna mmoja alikuwa ameshika kikapu, akakiweka chini ili acheke vizuri."

Wadau, mimi ni mwanafunzi wa Historia. Haya mambo nimeyasoma, tena nimeyajibia swali kwenye mtihani nikapata alama za kutosha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua, na suruali za kubana. Ilipangwa ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969, lakini kule Kariakoo kuna watu hawakusubiri tarehe, wakaanza kuwavamia wasichana tangu Oktoba. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi ya majibu, hoja ya kwanza, hoja ya pili, hitimisho. Haikunijia hata siku moja kwamba kati ya hao wasichana mmoja ndiye aliyekuwa ananiogesha.

Na angalieni tena ile orodha. Suruali za kubana zilikuwamo.

Nikamuuliza ikawaje. Akasema kulikuwa na mama anauza maandazi pembeni pale. Yule mama alikuwa amejifunga khanga moja na kujitanda nyingine. Akaivua ile ya kujitanda, akamfunga bibi kiunoni, akamwambia, "Nenda mwanangu, usikimbie, tembea." Basi. Bibi alirudi pale mara tatu kumrudishia khanga yake, hakumkuta. Na kupiga taipu hakuendelea, mwezi uliofuata alirudi kwao Bagamoyo.

"Ile khanga," akasema, "ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye msumari."

Nikamtazama tu. Miaka yote nilidhani msumari ulikuwa wa babu. Kumbe babu alileta sheria, kwamba watu wavae. Bibi akamwambia sawa, lakini ukiweka sheria hiyo mlangoni, na shati uliweke mlangoni. Mwanzoni babu alibisha. Bibi anasema alibisha jioni moja tu.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikumsimulia bibi, wala washkaji sijawahi kuwasimulia. Nalitoa kila mara kwenye kile kisa kwa sababu linaharibu kicheko.

Yule mvulana, nilipokuwa nimechuchumaa na mkasi, aliinama akaniambia kwa sauti ndogo, ili wenzake wasisikie: "Sir, sijaibana. Nimekua."

Nami nikamjibu, "Kimya."

Nilimsikia vizuri. Na nilikuwa nimeshika pindo mkononi, nikaliona: lilikuwa limeshushwa mpaka mwisho, kukabaki ule mstari wa mkunjo wa zamani, mikunjo miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtu anayebana suruali kwa fasheni hashushi pindo. Ile ilikuwa suruali ya Form One iliyovaliwa na mtoto wa Form Two ambaye miguu haikusubiri mama yake apate pesa. Ushahidi wote ulikuwa kwenye vidole vyangu. Nikakata kwa sababu nilikuwa nimeshatoa mkasi mbele ya watu mia nne.

Tena nisiwafiche, nilisikia raha. Mwalimu wa mazoezi hana heshima shuleni, wanafunzi wanajua utaondoka. Siku ile walinicheka pamoja nami, hawakunicheka mimi. Wiki nzima nikawa natembea kifua mbele.

Siku nne yule mvulana hakuja shule. Siku ya tano akaja. Suruali ya bluu imeshonwa kwa mkono, uzi mweupe, mishono mikubwa ya mtu asiye na cherehani. Kwenye kipindi changu cha Historia alikuwa ndiye mtu wa kunyoosha mkono kila swali, mpaka nilikuwa namwambia awape na wengine nafasi. Kuanzia siku ile hakunyoosha tena. Nikimwita anasimama, anajibu sawasawa, anakaa. TP ikaisha. Msimamizi aliyekuja kunikagua aliniandikia kwamba darasa langu lina nidhamu nzuri. Ile fomu ninayo.

Nimeyaandika haya kwa sababu najua wengi wetu humu tunasomea ualimu, na kila tukikaa kwenye vimbweta tunaanza wimbo uleule: maadili yameporomoka, zamani watu walivaa. Na mimi ndiye mwimbishaji. Bado napenda Kaunda suti. Bado naona kuna kitu kizuri kwa mtu kuoga na kuchana nywele ili asikilize habari za dunia. Sitaki kukisahau na sitaki mtu aniambie ni ushamba. Lakini zamani ile ninayoililia ilikuwa na mikono miwili, na mimi nilikuwa naujua mmoja tu. Kuna aliyevaa vizuri kwa sababu anaheshimu anayemtazama. Na kuna aliyevalishwa kwa kupasuliwa nguo mbele ya watu. Nyumbani kwetu yote mawili yalikuwa yanaketi kwenye mkeka mmoja kila saa mbili usiku, mmoja na suti, mwingine na khanga zake mbili zilizofika kwenye kifundo cha mguu, na mimi nilidhani wote wawili wanavaa kwa sababu moja.

Sitawadanganya kwamba mwezi wa saba nitakuwa shujaa. Mwalimu wa nidhamu akinipa mkasi, yeye ni mkubwa wangu, na neno lake linafika kwa msimamizi wangu, na msimamizi ana kalamu. Sheria ya sare ipo na mimi siipingi. Ninachojua ni kwamba nitamuuliza mtoto kwanza, pembeni, si mstarini, na nitaangalia pindo. Kuna suruali mbili za bluu za shule za mdogo wangu aliyemaliza Form Four, bado nzima, nimeshaziomba. Zitakaa kwenye begi langu pamoja na skimu za kazi. Suruali mbili hazitoshi shule nzima, najua. Hata pale mlangoni yalikuwa mashati mawili matatu tu.

Yule mvulana sasa atakuwa Form Three. Ninalo jina lake kwenye daftari langu la mahudhurio, na shule ninaijua njia yake. Nimeandika barua mara mbili nikachana. Mara ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilikuwa inajitetea. Nitaandika ya tatu.

Kabla sijaondoka Jumamosi jioni, jirani alikuja na bodaboda yake, tukachomoa betri, tukaunganisha kwenye televisheni ya babu, tuone tu. Sikutegemea kitu. Ikakaa kimya kama dakika nzima. Halafu ikaanza kunguruma, kioo kikapata moto, chenga zikajaa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshusha khanga mabegani kwa joto. Ile sauti ilipotoka akaipandisha khanga, akajitanda vizuri, akatulia anatazama. Hakuna aliyesema neno. Tulipoizima ile nukta nyeupe ilikuwepo bado. Tukaisubiri.

Haya wadau, nawahi kimbweta kabla wale watu sita hawajaniletea majina yao. Kaunda suti moja ya kijivu nimekuja nayo, babu alikuwa mpana kuliko mimi, kwa hiyo namtafuta fundi cherehani mwenye bei ya mwanafunzi. Niliyemkuta jana alinipima, akaniuliza, "Nikubanie?" Nikamwambia subiri kwanza. Anayemjua mwingine aniambie. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.